Si kila ua la manjano ni mbaazi

Katika soko la Gakoromone mjini Meru, mazao ya nchi mbili hukutana. Kutoka miteremko ya Mlima Kenya hushuka ndizi, viazi na mboga za majani. Kutoka nyanda kame za Tharaka, na za Mbeere upande wa Embu, hupanda ndengu, kunde, mtama na mbaazi. Mnunuzi anayepita kati ya magunia hayo huona mavuno tu. Ni nadra kujiuliza mmea wenyewe unafananaje, au ni mimea ipi mingine inayoota kando yake bila kupandwa na mtu.

Msafiri anayeondoka mjini humo na kupitia Nkubu na Mitunguu kuelekea Marimanti huliona jibu akiwa njiani. Kadiri barabara inavyoteremka ndivyo joto linavyozidi, migomba inavyopungua na migunga inavyochukua nafasi yake. Baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo kubwa la wakulima wa nyanda hizo, vichaka vifupi hutoa maua ya manjano kandokando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Mgeni akiona majani yake matatu matatu na maua yenye michirizi mekundu, huenda akaapa kwamba ni mbaazi zilizotoroka shambani.

Nyingi kati ya hizo si mbaazi. Ni mimea ya jenasi iitwayo Crotalaria, na mojawapo ya spishi zake zilizoenea sana katika nyika za Afrika Mashariki ni Crotalaria laburnifolia. Kuijua tofauti hiyo si suala la wasomi peke yao. Katika jenasi hii moja kuna mboga inayoliwa na maelfu ya Wakenya, kuna mbolea ya kijani inayofufua mashamba yaliyochoka, na kuna sumu inayoharibu ini la binadamu na la mnyama. Zote zina maua ya manjano.

Jinsi ya kuutambua

Crotalaria laburnifolia ni mmea ambao wataalamu huuweka kati ya majani na kichaka. Sehemu yake ya chini ni ngumu kama mti na hudumu kiangazi kikipita, ilhali matawi ya juu ni laini na huweza kunyauka jua likizidi, kisha yakachipuka upya mvua inaporudi. Kwa kawaida hufika kiunoni mwa mtu mzima, ingawa penye rutuba na maji huweza kumzidi kimo. Kila jani lina vijani vitatu vilivyokaa juu ya kikonyo kirefu.

Ua lake ndilo linalovuta macho. Petali ya juu ni pana na husimama kama bendera. Petali mbili za kando hufanana na mabawa. Mbili za chini zimeungana zikawa kama mtumbwi, na ncha ya mtumbwi huo hurefuka na kujipinda mithili ya mdomo wa ndege. Ukilitazama ua zima kwa mbali, utadhani ni ndege mdogo wa manjano aliyening'inia kwenye tawi.

Mdomo huo si pambo. Ndani yake mna chavua. Nyuki mkubwa mweusi, wa aina ile inayotoboa mbao za paa, hutua juu ya mabawa akitafuta asali. Uzito wake huisukuma petali ya chini, na chavua hutokezea kwenye ncha ya mdomo kama dawa ya meno inayokamuliwa, ikamgusa nyuki tumboni. Mdudu mdogo hana uzito wa kutosha kuifungua hazina hiyo. Hivyo mmea huchagua mgeni anayeufaa.

Baada ya ua huja ganda la mbegu, na hapo ndipo shaka huondoka. Ganda la mbaazi lina vinyweleo, limebanwa kati ya punje na punje, na huonyesha mifereji ya mshazari. Ganda la Crotalaria limevimba kama puto dogo. Katika spishi hii ya laburnifolia, ganda halina vinyweleo, nalo huning'inia kwa kikonyo chembamba na kirefu kinachotokeza nje ya kikombe cha ua. Likikauka, mbegu huachana na ukuta wake na kubaki huru ndani. Ukilitikisa, hulia.

Kayamba la nyikani

Mlio huo ndio uliozaa jina. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeweka msingi wa utaratibu wa kuipa mimea majina mawili ya Kilatini, aliitaja jenasi hii katika kitabu chake cha mwaka 1753. Neno Crotalaria limetokana na neno la Kigiriki linalomaanisha kicheza, yaani ala ya kutikisa au kugongesha. Miaka mitano baadaye, Linnaeus alitumia asili hiyohiyo kumpa jina nyoka wa Amerika mwenye njuga mkiani, ambaye hadi leo jenasi yake huitwa Crotalus. Mswahili angalikuwa ndiye mwenye kalamu siku hiyo, labda mmea huu ungeitwa kayamba.

Spishi ya laburnifolia nayo ilipewa jina na Linnaeus katika mwaka uleule wa 1753. Neno hilo la pili lina maana ya "mwenye majani kama ya laburnum", mti wa Ulaya wenye maua ya manjano. Vielelezo alivyovitegemea vilitoka Asia, kwa sababu mmea huu haupatikani Afrika pekee. Ndiyo maana kichaka cha kando ya barabara ya Tharaka kina jina la kisayansi linalounganisha Ugiriki, Ulaya na Asia, bila neno lolote la lugha za watu wanaoishi nacho.

Hata hivyo, majina ya kisayansi yana faida moja ambayo majina ya kienyeji hayana: yanakusudiwa kubeba maana moja kila mahali. Mfano ulio karibu ni mbaazi yenyewe. Mkikuyu, na jirani yake wa Embu au Meru, akisema njugu kwa lugha ya mama, aghalabu huwa anazungumzia mbaazi. Msemaji wa Kiswahili akisikia njugu hufikiria karanga. Wawili hao wanaweza kukubaliana bei kwa simu na kila mmoja akawa na gunia tofauti akilini. Kwa nafaka, kosa hilo husahihishwa gunia likifunguliwa. Kwa mzizi uliokaushwa na kusagwa, huenda lisisahihishwe kamwe.

Ndugu wa kweli na wanaofanana

Mbaazi, ambayo kisayansi ni Cajanus cajan, na Crotalaria zote ni za familia kubwa ya mikunde. Mwaka 2017, kundi la kimataifa la wataalamu wa familia hiyo lilikubaliana kuigawa katika nusu-familia 6, badala ya 3 zilizozoeleka kwa miaka mingi. Mimea yote miwili imo katika nusu-familia yenye maua ya umbo la kipepeo. Lakini ndani yake njia zao huachana. Mbaazi iko karibu na maharagwe na kunde. Crotalaria imo katika kikundi kingine chenye jina linalotokana na lake, yaani Crotalarieae.

Katika kikundi hicho amo pia mmea ambao watu wachache wangedhani ni jamaa yake: rooibos ya Afrika Kusini, kichaka chenye majani membamba kama sindano ambacho majani yake huuzwa duniani kote kama chai nyekundu. Kwa macho, Crotalaria ya Tharaka ni pacha wa mbaazi na mgeni kabisa kwa rooibos. Kwa nasaba, mambo ni kinyume.

Wataalamu huujuaje ukweli huo? Hapo zamani walitegemea viungo vya ua. Ukilifungua ua la mbaazi utakuta vijiti 10 vya kiume, 9 vikiwa vimeungana na 1 kikiwa peke yake. Katika ua la Crotalaria, vyote 10 vimeungana na kufanya ala yenye mpasuko upande wa juu, na vichwa vyake ni vya aina mbili, virefu 5 na vifupi 5, vikipishana. Tofauti hiyo haibadiliki kwa mvua wala ukame, wala mmea ukiwa mrefu au mfupi. Rangi ya petali hubadilika upesi kutoka spishi hadi spishi, lakini mpangilio wa viungo vya uzazi hudumu. Siku hizi uchunguzi wa chembe za urithi, DNA, umeongezwa juu ya ushahidi huo.

Kazi ya kuziainisha Crotalaria haikuwa rahisi. Dunia ina takriban spishi 700 za jenasi hii, na nyingi zaidi ziko Afrika. Mwaka 1971 zilichapishwa sehemu za mikunde hii katika mfululizo wa vitabu kuhusu mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, vilivyoandikwa na J. B. Gillett, R. M. Polhill na B. Verdcourt. Mfululizo huo mzima ulianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ukiwa umeeleza zaidi ya spishi 12,000. Katika ramani yake Kenya imegawanywa katika maeneo 7, na Meru na Embu zimo katika eneo la 4.

Roger Polhill, wa bustani ya Kew nchini Uingereza, aliendelea na Crotalaria peke yake. Mwaka 1982 alitoa kitabu kuhusu spishi za Afrika na Madagaska, akiwa amezipanga katika sehemu 8. Mwaka 2013, watafiti wa Afrika Kusini, Marianne le Roux, James Boatwright na Ben-Erik van Wyk, waliunganisha ushahidi wa maumbile na ule wa DNA, wakapata sehemu 11. Wapo wanaolalamika kwamba wanasayansi hawaachi kubadilisha majina. Ukweli ni kwamba uainishaji ni hoja kuhusu nasaba, na hoja hurekebishwa ushahidi mpya unapopatikana.

Mboga, mbolea na sumu

Umuhimu wa nasaba hiyo huonekana jikoni. Magharibi mwa Kenya, mboga ya mitoo ni chakula cha heshima. Wanaoila huijua kwa ladha yake ya uchungu kidogo. Lakini mitoo si mmea mmoja. Kuna Crotalaria brevidens, yenye majani yanayoelekea rangi ya buluu na uchungu uliozidi, na Crotalaria ochroleuca, yenye kijani kilichokolea na ladha tulivu. Spishi hii ya pili, nchini Tanzania, huitwa marejea. Katika miaka ya 1980 watawa Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliieneza kwa wakulima kama mbolea ya kijani, kwa kuwa mizizi yake, kama ya mikunde mingine mingi, huwa na vifundo vyenye bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewani na kuipa udongo.

Upande mwingine wa jenasi hii ni kemikali ziitwazo alkaloidi za pairolizidini. Mmea huzitengeneza ili kujikinga na walaji. Kiwango hutofautiana sana kati ya spishi na spishi, na hata kati ya mbegu na majani ya mmea mmoja. Crotalaria laburnifolia haikusalimika: mojawapo ya alkaloidi zilizopatikana ndani yake imepewa jina linalotokana na lake, krotalaburnini. Kuna nondo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi, Utetheisa pulchella, ambaye viwavi wake hula mimea hii na kuiweka sumu hiyo mwilini, na kwa njia hiyo hujilinda dhidi ya maadui wao.

Binadamu hana kinga ya namna hiyo. Alkaloidi hizi zikiingia tumboni hupelekwa kwenye ini, na ini lenyewe, likijaribu kuzivunja, huzigeuza kuwa kemikali kali zaidi. Kemikali hizo hujeruhi chembe za ini na kuziba mishipa midogo ya damu. Tumbo huvimba kwa maji. Linalotatanisha ni kwamba madhara huweza kuchukua majuma au miezi kujitokeza, hivyo mgonjwa hakumbuki, wala haulizwi, alikunywa nini. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa hatari hiyo.

Jamaica ililipa gharama ya somo hilo. Mwaka 1954, Gerrit Bras na wenzake walieleza ugonjwa wa ini uliowashambulia hasa watoto kisiwani humo. Chanzo kilichohusishwa nao ni chai ya mitishamba ya porini ambayo wazazi waliwapa watoto wao kama dawa, na miongoni mwa mimea iliyotumiwa ilikuwa Crotalaria. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walifuata desturi, wakaliamini jina la mmea na mkono ulioutoa. Katika miaka ya 1970, wilayani Sarguja, katikati mwa India, watu waliugua na kufariki baada ya kula nafaka iliyochanganyika na mbegu za Crotalaria zilizokuwa zimeota shambani. Hapo hapakuwa na dawa wala mganga. Palikuwa na magugu yaliyovunwa pamoja na chakula.

Mifugo nayo imeumia. Farasi wa kaskazini mwa Australia wamekufa kwa kula Crotalaria, na Marekani, ambako Crotalaria spectabilis ililetwa kutoka Asia kurutubisha mashamba, mmea huo umegeuka gugu linaloogopwa na wafugaji. Mbolea ya mtu mmoja ikawa sumu ya ng'ombe wa jirani. Kwa kawaida mnyama huikwepa mimea ya aina hii malisho mengine yakiwepo. Lakini ukame ukidumu, kama ule uliozikumba nyanda kame za Kenya kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mbuzi hula anachokipata.

Gazeti kuukuu na tawi moja

Kutokana na hayo, mambo matatu yanamhusu moja kwa moja anayenunua na anayeuza katika masoko kama Gakoromone. La kwanza ni la mkulima: magugu yenye maganda yaliyovimba yang'olewe kabla ya mavuno ya mtama na ndengu, na nafaka ipepetwe vyema, kwani mbegu za Crotalaria ni ndogo na hujificha kwa urahisi. La pili ni la mpishi: anayehamia nyanda hizi kutoka magharibi mwa nchi asichume majani ya porini kwa kuwa yanafanana na mitoo. Mboga hiyo ipandwe kwa mbegu inayojulikana.

La tatu, na zito kuliko yote, ni la dawa za miti shamba. Wazee wa Meru, Tharaka na Embu wana ujuzi mwingi wa mimea yao, na uainishaji wa kisayansi haukusudii kuufuta. Tatizo huja ujuzi unaposafiri bila mwenyewe. Mzee anayechimba mzizi huujua mmea akiwa amesimama mbele yake, akiona ua, ganda na mahali unapoota. Unga uliofungwa katika karatasi na kuuzwa mjini hauna ua wala ganda. Unabaki na jina tu, na jina, kama ilivyoonekana kwa njugu, hubadilika mtu akivuka mto.

Njia ya kuondoa shaka ipo, wala haihitaji maabara shambani. Hukatwa tawi lenye majani, maua na ikiwezekana maganda, likatandazwa kati ya karatasi za gazeti kuukuu na kukandamizwa kwa kitu kizito hadi likauke. Kando yake huandikwa mahali, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya ua likiwa bichi, na jina linalotumiwa na wenyeji. Tawi kama hilo ndilo kielelezo, na vielelezo ndivyo vinavyoijaza hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Hifadhi hiyo ilianzishwa na Wajerumani huko Amani, Tanga, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ina karibu vielelezo milioni moja. Huko mtaalamu hulinganisha tawi jipya na yale ya zamani, kisha hutaja jina.

Jina la kienyeji likiandikwa kando ya kielelezo hupata kinga ambayo halikuwa nayo. Mjukuu atakayelisikia miaka 50 ijayo, pengine mzee aliyelitaja akiwa ameshafariki, ataweza kwenda kuliona tawi lenyewe na kujua babu yake alimaanisha mmea upi.

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Vichaka vya manjano vitaendelea kuchanua kando ya barabara ya Marimanti kila mvua zikinyesha, vingine vikifaa na vingine vikidhuru. Anayetaka kuvitenganisha asianze na rangi wala jina. Na angoje ganda likauke, alitikise.